Mashine Uliyoifunika kwa Uzi wa Manjano

Mpendwa Cucu,

Nimeanza tena. Naliweka hilo mwanzoni kabisa kwa sababu hukupenda habari za kuzungushwa. Mtu akiingia na habari ulimuuliza kwanza nani amekufa na nani amezaa, hayo mengine ndipo akae ayaeleze akinywa chai. Basi hakuna aliyekufa na hakuna aliyezaa. Ni mimi tu nimerudi kwenye mashine ya makasia, miaka saba tangu niiache, na viganja vimechubuka vizuri sana. Ungekuwa hapa ningekuonyesha.

Barua hii nataka isomwe na watu wengine pia, kwa hivyo nivumilie nikieleza mambo unayoyajua. Wewe ni mama mzazi wa Kariuki, mume wangu. Nilianza kukuita Cucu nilipomzaa Mburu, maana kwenu Wakikuyu nyanya ndiye cucu, nami Mluhya nililelewa nikijua kwamba mama mkwe haitwi kwa jina lake hivi hivi. Ulikuja kuishi nasi hapa Kabiria baada ya Mzee, mumeo, kufariki. Ulikuja na sanduku moja la nguo na magunia mawili ya uzi. Haki ya Mungu, magunia! Haukuisha mwezi kabla kila kitu nyumbani kwangu hakijavaa kitambaa: makochi, televisheni, redio, mlango wa friji. Mtungi wa gesi ulifumiwa sketi. Wageni walikusifu, na mimi nikajifunza kutafuta rimoti kwa kupapasa.

Kitu kimoja tu ulikiacha uchi, na hiyo ilikuwa mashine yangu. Kwa asiyeijua, ni reli ndefu yenye kiti kinachoteleza, na mbele kuna gurudumu la upepo na mpini uliofungwa kwa mnyororo. Unasukuma kwa miguu, unavuta mpini mpaka kifuani, unarudi, unaanza upya. Skrini ndogo inakuhesabia mita kana kwamba uko ndani ya mashua, ilhali uko sebuleni ukitazamana na kabati la vyombo. Niliinunua kupitia kwa Mzee Gurdev, fundi wa mashine za mazoezi mwenye karakana huko mjini, wakati klabu moja ya Spring Valley ilipokuwa inabadilisha vifaa vyake. Siku hizo nilikuwa kwenye timu ya kazini. Tulishindana katika ukumbi mmoja kule Karen, mita elfu mbili, nikamaliza wa tatu. Medali ile uliwaonyesha akina mama wa kanisa ukiwaambia ni ya kuogelea. Nilikurekebisha mara mbili, ya tatu nikaacha.

Ulizoea kukaa pale kwenye kochi na ufumaji wako, ukinitazama nikitokwa na jasho. Siku ya kwanza uliniuliza naenda wapi. Nikakujibu kwamba siendi popote. Ukafikiri kidogo, ukauliza mbona basi nina haraka hivyo. Nilicheka mpaka nikaachilia mpini, nao ukaruka ukagonga gurudumu, nawe ukaruka nao.

Halafu nikapata mimba ya pili. Na hapa lazima nieleze jambo la majina, kwa sababu ndilo nililolibeba miaka yote hii. Mburu alikuwa ameshachukua jina la Mzee. Kwa desturi yenu, msichana wangu wa kwanza angekuwa wewe: Nyambura. Kariuki hana kaka wala dada. Yaani duniani kote hapakuwa na mahali pengine pa jina lako kupitia ila tumboni mwangu. Hukuwahi kulisema hilo, lakini tulipoambiwa kwamba ni msichana, ulifungua gunia la pili ukatoa uzi wa manjano ambao hukuwahi kuugusa, ukaanza kufuma shali.

Daktari aliniruhusu niendelee kuvuta mashine polepole, nami nikaendelea. Siku moja uliniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye uzi wako, "Punguza kidogo, Mama Mburu." Nikakujibu kwa madaha kwamba daktari ameruhusu. Wewe ukaendelea kufuma.

Wiki mbili baadaye, mimba ikiwa ya miezi mitano, ikatoka. Ilikuwa Jumatano, na asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa kwenye mashine.

Hospitalini daktari aliniambia kwamba si mazoezi yaliyosababisha. Muuguzi naye akaniambia hivyo hivyo, akinishika mkono. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nyumbani uliniletea uji bila kuuliza kama nautaka, mgonjwa haulizwi uji, ukakaa kitandani mpaka nikaumaliza. Siku ya tatu nilitoka chumbani nikaja sebuleni, nikaikuta mashine imefunikwa. Imefunikwa yote, kuanzia gurudumu hadi mwisho wa reli, kwa kitambaa cha manjano. Niliujua uzi ule. Ulikuwa umeifumua shali, ukafuma kitambaa.

Ulikuwa jikoni unachambua maharagwe, ukaniona nimeona, ukaendelea kuchambua. Nikarudi chumbani nikafunga mlango, nikajiambia hukumu ndiyo hiyo imetolewa. Umekifunika kilichomuua mjukuu wako, kwa uzi uliokuwa wake, ili kila nikipita nikione.

Miaka saba, Cucu. Nilifagia kuizunguka mashine ile, nikapiga deki kuizunguka, wala sikukigusa kitambaa hata kwa kidole. Wenzangu wa timu waliponiuliza nitarudi lini, niliwaambia mgongo. Mgongo wangu haukuwahi kuuma hata siku moja. Na watu wasidhani kwamba tulinuniana nyumbani. Tuliishi vizuri. Ulikula ugali wangu ingawa uliona ni mgumu, nami nilikukata kucha za miguu macho yako yalipopungua, na siku za mvua tulikaa pamoja tukisikiliza matangazo ya vifo redioni huku ukiuliza kama tunamjua yeyote. Lakini swali lilikaa kati yetu kwenye kochi kila siku, na hakuna aliyelisogeza.

Mwaka jana ulipolazwa, nilikaa kando ya kitanda chako majuma matatu. Kila siku nilifika nimejiandaa kukuuliza, Cucu, ulinihesabia kosa? Ulidhani mimi ndiye niliyemuua Nyambura? Kila siku maneno yalifika mdomoni, nikakuuliza kama unataka maji. Nilimlaumu daktari wa zamu, nikamlaumu muuguzi aliyekuwa akiingia wakati mbaya, kumbe nilikuwa naogopa jibu tu. Ukafariki. Tukakuzika kando ya Mzee. Wakati watu wanaimba mimi nilikuwa nawaza kwamba sasa basi, mwenye jibu ameondoka nalo.

Miezi ikapita. Kariuki akasema, kwa ule upole wake wa kuongea na dirisha, kwamba kona ile ingetosha meza ya Mburu ya kusomea akifunga shule. Nikamwambia sawa, tuuze. Nikampigia Mzee Gurdev, kwa kuwa nilijua ananunua mashine kuukuu na kuzitengeneza. Akaja Jumamosi asubuhi na kisanduku chake cha vifaa, kilemba cha buluu, miwani imening'inia kifuani. Kariuki alikuwa jikoni. Nikashika pembe ya kitambaa kwa mara ya kwanza katika miaka saba, nikavuta kama mtu anayebandua plasta.

Nilitarajia kutu, maana nilijua mnyororo ukikaa bila mafuta unakauka na kugoma. Mzee Gurdev akaweka miwani, akapitisha kidole kwenye mnyororo, akakitazama, akanusa. Akapitisha kiganja kwenye reli. Akaniuliza ni nani anayeivuta siku hizi. Nikasema hakuna, ina miaka saba imekaa. Akanitazama vile fundi anavyomtazama mteja anayedanganya kuhusu gari lake. Akabonyeza kitufe, na skrini ikawaka.

Kumbe mashine ile inaweka kumbukumbu. Nilikuwa nimesahau. Ukibonyeza mara mbili inakupa orodha ya mazoezi yote, siku, mita na muda. Yangu ya zamani yalikuwa chini kabisa, na juu yake, ukurasa baada ya ukurasa, kulikuwa na mazoezi nisiyoyajua. Mita mia mbili. Mia na themanini. Mia mbili na hamsini. Karibu yote Jumanne, saa nne asubuhi, mimi nikiwa kazini na Kariuki kazini. Nilidhani mashine imeharibika kichwa.

Mzee Gurdev akakaa kwenye kochi lako bila kualikwa, akavua miwani. "Huyu ni yule mama aliyeniita hapa zamani," akasema. "Nilikuwa najiuliza mbona siku hizi haji."

Nikamwambia umefariki. Akanipa pole, halafu akanieleza yote, nami nikakaa kwenye zulia nikamsikiliza.

Akaniambia kwamba miaka ile uliingia karakanani kwake mjini, umefunga kitambaa kichwani, umeshika karatasi uliyonakilia namba ya simu na mahali kutoka kwenye kibandiko chake kilichoko chini ya reli. Ulikuwa na shida ya siafu kwenye mashine. Ulikuwa umeupaka mnyororo mafuta ya kupikia, Cucu! Akakucheka, nawe ukamkaripia. Akakupa chupa ya mafuta yanayofaa na kitambaa cha kupangusia, akakueleza kwamba mashine ikifunikwa tu bila kuvutwa inakufa polepole, kila kitu kinakaza. Ukamuuliza nani ataivuta. Akakwambia yeyote mwenye mikono.

Basi ukaanza kuivuta. Wewe! Mwanamke aliyesema kupanda ngazi ni kumjaribu Mungu. Mzee Gurdev alikuja hata hapa nyumbani mara moja, kwa kuitwa nawe, kubadilisha betri, akakukuta umevua viatu, umekaza sketi, unavuta kwa mikono kabla ya miguu. Akakurekebisha: miguu kwanza, mgongo, mikono mwisho. Akasema ulikuwa mwanafunzi mbishi. Na kila ulipokwenda kwake kuchukua mafuta ulituambia unakwenda mjini kununua uzi, nami nilikuwa nashangaa ni uzi gani huo usioisha. Ukanidanganya hivyo, mwanachama wa kanisa, macho makavu.

Nikamuuliza Mzee Gurdev kama uliwahi kumwambia kwa nini. Nilimuuliza nikitazama zulia. Akasema alikuuliza siku ya kwanza kabisa mashine ni ya nani, nawe ukamjibu hivi: "Ni ya mwanangu. Alifiwa na mtoto, hana nguvu saa hii. Siku atakayoitaka, asiikute imeharibika." Akakuuliza mbona usimwambie huyo mwanao kwamba unaitunza. Ukasema, "Nikimwambia ataona namsukuma."

Hakujua kwamba mimi si mwanao wa kuzaa. Alipomaliza ndipo akauliza kama mwana huyo ni mimi, na kama ulikuwa mama yangu.

Nililia, Cucu, na si kilio cha mazishini. Mazishini nilikuwa nalia nikiwa nimejikunja. Hiki kilitoka chote, na Kariuki akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani Mzee Gurdev amenitajia bei mbaya. Nilicheka hapo hapo katikati ya kilio. Hukunihesabia. Miaka yote saba nilikaa gerezani na mlango haukuwa umefungwa, na aliyeniweka humo ni mimi mwenyewe. Siwezi kukueleza wepesi nilioupata. Nilikwenda kazini Jumatatu nikawa nawasalimia watu wa lifti.

Mpaka leo sijui kwa nini ulitumia uzi ule. Nilimuuliza Kariuki, akainua mabega, akasema mamake hakuwahi kutupa uzi katika maisha yake. Labda ni hivyo tu. Labda hukuweza kuiweka shali kabatini na hukuweza kumpa mtu mwingine, ukaona uipe kitu cha kufunika. Hilo nimekuachia.

Mashine haikuuzwa. Mzee Gurdev alibeba kisanduku chake akaenda, akakataa hata nauli, akasema tu nisiipake mafuta ya kupikia.

Jumapili baada ya kanisa nilikaa mezani na daftari, nikapanga mazoezi. Unanijua. Niliandika siku sita kwa wiki, mita elfu tano kila asubuhi, Ijumaa mbio fupi fupi za kuua mtu, yote nimeyatoa kwenye ratiba ya timu niliyoikariri nikiwa na miaka thelathini na mbili. Kariuki akaisoma begani mwangu. Akaniuliza kama awaambie watu wa gari la wagonjwa waanze kukaa karibu.

Nikaichana. Kisha nikawasha skrini, nikafungua kumbukumbu zako, nikazinakili kwenye daftari kuanzia ya kwanza. Ilikuwa ratiba nzuri kuliko yangu, haki. Ulianza na mita sitini. Juma lililofuata themanini. Ulipofika mia mbili ulikaa hapo miezi, bila haraka yoyote. Kuna majuma huna kitu, na nikikumbuka ni majira ya mvua ndefu, magoti yako yalipokuwa yanakusumbua. Halafu unarudi, unaanzia chini kidogo ya ulipoachia. Mwaka wa nne ulifika mita mia sita na kumi na mbili kwa mkao mmoja. Sijui siku hiyo nini kilikuingia. Nimemwonyesha Kariuki, amekataa kuamini mpaka leo.

Basi nimepanga kwa kukufuata. Siku tatu kwa juma: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Juma la kwanza mita mia mbili, nipumzike mpaka pumzi irudi, mia mbili tena, tena mara moja, basi. Hakuna kutazama kasi. Nitaongeza hamsini tu, na juma nikiwa nimechoka siongezi. Kile kidude cha pembeni cha kufungulia upepo, ambacho zamani nilikiweka kumi ili wenzangu waone, nimekikuta kwenye tatu, ulipokiacha. Zamani nilidhani kumi ndiyo nguvu. Yalikuwa majivuno, na mgongo wangu ulikuwa na bahati. Tatu inatosha. Baada ya miezi mitatu nione kama naweza mita elfu mbili bila kusimama, hata kama ni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuteka maji. Timu wamesema watanipokea kwa mwendo wowote.

Jumanne iliyopita nilianza. Nilivua viatu. Nilivuta mara kumi, gurudumu likaanza ule mvumo wake, na mapaja yakaniuliza kama nimeyauliza. Kufika mita mia na hamsini nilikuwa nahema, mkono umechubuka, jasho linaingia machoni. Nilifika mia mbili nikaegemea magoti. Kariuki alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakuwa amesikia sauti ile kwa miaka saba. Alisema chai iko tayari, akaenda kuimimina, na nilisikia anapenga kamasi huko jikoni.

Nilipopata pumzi nilibonyeza nione imeandikwa nini. Juu ya orodha kulikuwa na zoezi langu, mita mia mbili. Chini yake, kabla ya pengo la mwaka na zaidi, kulikuwa na zoezi lako la mwisho, la Jumanne ile kabla hatujakupeleka hospitali. Mita tisini. Ilikuchukua zaidi ya dakika tatu. Nilikaa nikayatazama yale mawili, na chini yako miaka yako yote, na chini kabisa mimi wa zamani na elfu zangu tano.

Mashine ile haiandiki majina, Cucu. Mtu yeyote akiifungua leo ataona orodha ya mwanamke mmoja tu, aliyekuwa na nguvu, akaishiwa karibu zote, na hajawahi kuacha kuvuta.

Lala pema. Jumanne nakuja na mia mbili na hamsini.

Mwanao,
Mama Mburu